Maswali ya Wasomaji: Kaseti za Bekapu Zisizo na Mashine ya Kuzisoma

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kaseti za bekapu zilizoachwa na seva za miaka ya tisini na ya elfu mbili, huku mashine za kuzisoma zimeshatupwa. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwingine.

Tuna ombi moja kabla hujaendelea. Usiingize kaseti yoyote kwenye draivu kabla hujaifunga isiandikike. Kwa kaseti ndogo za DDS, sogeza kile kidude cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi. Kwa QIC, zile kaseti kubwa za zamani zenye bamba la chuma, zungusha mshale uelekee neno SAFE. Kwa LTO, kaseti za seva za karibuni zaidi, sukuma kidude chekundu kiende kwenye alama ya kufuli. Programu ikiandika hata jina fupi mwanzoni mwa utepe, draivu huweka hapo alama mpya ya mwisho wa data, kisha hukataa kuivuka. Data yako itakuwa bado iko kwenye utepe, lakini hutaifikia.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi ni mhasibu wa SACCO. Tumepata katoni ya kaseti ndogo, nyingine zimeandikwa DDS-2 na nyingine DDS-3, zenye rekodi za mikopo ya 1999 hadi 2004. Seva ilikufa zamani. Ninunue mashine gani? – Mhasibu, Kakamega

JIBU: Hatujambo, mhasibu. Anza na draivu, kompyuta ije baadaye. Na kabla ya kununua, uliza kama ile seva iliyokufa bado iko stoo. Draivu iliyoandika kaseti ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuzisoma, kwa kuwa vichwa vya draivu huhama kidogo kidogo mahali pake kwa miaka, na kaseti iliyoandikwa na kichwa kilichohama mara nyingi husomeka hapo hapo tu. Ikipatikana, ifungue skrubu uitoe nzima pamoja na waya wake. Usiiache iende na chuma chakavu.

Isipopatikana, tafuta draivu ya DDS-3, kwa mfano HP C1537A. Hiyo husoma DDS-1, DDS-2 na DDS-3. Muuzaji anaweza kukushawishi uchukue DAT 72 kwa kuwa ni mpya zaidi. Kataa, maana hiyo husoma kuanzia DDS-3 kupanda, na kaseti zako za DDS-2 itazitema. Ukitaka kujua kaseti ni ya kizazi gani na lebo imefutika, angalia urefu wa utepe uliochapishwa: mita 60 au 90 ni DDS-1, 120 ni DDS-2 (GB 4), 125 ni DDS-3 (GB 12), 150 ni DDS-4 (GB 20), 170 ni DAT 72 (GB 36). Ukiona kwenye kasha namba iliyo mara mbili ya hizo, watengenezaji walihesabu kwa kudhani data itabanwa nusu.

Kompyuta yenyewe haihitaji nguvu. Mtumba wa Core 2 Duo wenye kasha refu na sloti ya PCI (tundu la zamani la kuchomeka kadi), kama Dell OptiPlex 780 ya mnara, unatosha ukiwa na RAM ya GB 2 au 4. Hakikisha kwa macho kwamba sloti ya PCI ipo. Draivu hizi huunganishwa kwa kadi ya SCSI. Kompyuta nyingi za baadaye zina PCIe peke yake, sloti mpya isiyopokea kadi za PCI, na hapo itabidi utafute kadi kama Adaptec 29320LPE, ambayo ni adimu na ghali zaidi. Kwa PCI ya kawaida, kadi ya Adaptec AHA-2940UW inafaa sana kwa draivu za umri huo: ina kiungo cha ndani cha pini 50 na Linux inaitambua bila kuongezewa chochote.

Orodha ya vitu basi ni draivu, kadi, waya bapa wa pini 50, tamineta ya kuziba mwisho wa waya, na waya wa stima wa Molex wenye volti 5 na 12. Kama pawa ya kompyuta yako ina viungo vya SATA pekee, kuna vibadilishi vya kwenda Molex kwa mafundi wa kompyuta.

Zima kompyuta na uchomoe waya wa ukutani. Chomeka kadi. Upande mmoja wa waya bapa uingie kwenye kadi, draivu ikae kwenye kiungo cha karibu na mwisho, tamineta ikae mwisho kabisa. Ule mstari mwekundu wa waya uelekee pini namba 1 pande zote mbili. Jampa za draivu ziipe namba ya kitambulisho: 7 ni ya kadi, kwa hiyo chagua 4 au nyingine iliyo huru. Washa. Kadi itaonyesha maandishi yake kabla ya mfumo kuanza, na jina la draivu linapaswa kuwa humo. Lisipokuwepo, usihangaike na programu, kwani tatizo liko kwenye waya, jampa au tamineta.

Weka Debian 12, kisha:

apt install mt-st lsscsi
modprobe st
lsscsi -g

Ukiona mstari wenye neno tape na /dev/st0, umefika. Tumia daima /dev/nst0, yenye herufi n mbele, kwa sababu /dev/st0 hurudisha utepe mwanzoni kila amri inapoisha.

Anza na kaseti ambayo haitakuuma ikiliwa, na ikitoka salama ndipo uingize za mikopo. DDS-3 husoma karibu MB 1 kwa sekunde, kwa hiyo kaseti iliyojaa huchukua zaidi ya saa 3. Kwa stima yetu, usijaribu bila UPS. Umeme ukikatika, utepe hubaki umezungushiwa ngoma ya kichwa, na anayeuvuta kwa mkono huukunja.

SWALI: Nimeunganisha draivu ya DLT7000 na kadi ya 2940UW, viungo vyote ni vya pini 68 na vimeingia vizuri. Kadi haioni kitu, wakati mwingine kompyuta inaganda. Draivu imekufa? – Fundi, Kisumu

JIBU: Fundi, ichomoe kwanza ndipo usome. DLT7000 zilitoka za aina mbili za SCSI: SE na HVD, yaani njia mbili tofauti za kupitisha umeme wa data kwenye waya. Kiungo ni kile kile, volti ni tofauti kabisa. Tazama kibandiko cha nyuma. Ukiona HVD au DIFF, hiyo haifai kugusana na 2940UW, na unaweza kuunguza kadi au draivu. Inataka kadi ya HVD, kama Adaptec 2944UW, pamoja na tamineta ya HVD.

Ikiwa ni SE, basi fuata urefu wa waya na tamineta. SE ya kasi ya Ultra haivumilii zaidi ya mita 3, na ukiwa na vifaa zaidi ya 4 ni mita 1.5. Kumbuka pia 2940UW ina viungo vitatu lakini utumie viwili tu kwa wakati mmoja. LVD ni aina ya tatu, nayo haina ubaya: ikikutana na SE hushuka na kufanya kazi kwa mwendo wa SE.

SWALI: Kuna waya wa kubadilisha SCSI kuwa USB? Nina laptop tu. – Kericho

JIBU: Ipo, na kwa draivu za kaseti mara nyingi inasumbua. Kama kaseti zako ni DDS-3, DDS-4 au DAT 72, tafuta draivu ya HP DAT 72 ya USB. Kwa za zamani zaidi, azima kompyuta yenye PCI.

SWALI: Nilifuata maelekezo ya mtandaoni nikaandika tar -tvf /dev/nst0 nikapata "Cannot allocate memory". Nikajaribu dd, ikatoa vipande vidogo ikasimama. Kaseti imeharibika? – Mwalimu wa kompyuta, Nakuru

JIBU: Kaseti yako huenda ni nzima, Mwalimu. Data kwenye utepe imekaa kwa bloku, na anayesoma lazima afungue mdomo mpana kuliko bloku. tar, programu ya kufunga na kufungua mafaili ya bekapu, bila maelekezo huomba baiti 10240, yaani bloku 20 za 512. Kama aliyeandika alitumia 65536, Linux hukataa kwa maneno hayo uliyoyaona. Andika dmesg, utakuta mstari kama huu:

Failed to read 65536 byte block with 10240 byte transfer

Namba ya kwanza ndiyo bloku halisi. Jua pia kwamba kwa kukataa huko utepe umeshaipita bloku hiyo, kwa hiyo rudisha mwanzoni kabla ya kujaribu tena.

Shauri letu ni usitumie tar moja kwa moja kwenye kaseti hata kidogo. Utepe wa miaka 20 unaweza kukupa pasi moja nzuri tu, na pasi hiyo usiitumie kuangalia orodha ya mafaili. Nakili kila kitu kama kilivyo kwa dd, amri ya kunakili data ghafi, ukiweke kwenye diski, kisha uhangaike na maana yake ukiwa na nakala:

mt -f /dev/nst0 rewind
mt -f /dev/nst0 setblk 0
dd if=/dev/nst0 of=k07-000.img bs=256k
dd if=/dev/nst0 of=k07-001.img bs=256k

Ile setblk 0 inaiambia draivu ikubali bloku za ukubwa wowote. Kila dd husimama inapokuta alama ya mwisho wa faili, ndiyo maana ulipata vipande: kaseti moja inaweza kuwa na mafaili mengi yaliyofuatana, na wewe uliacha kwenye la kwanza, ambalo mara nyingi ni kichwa kidogo cha utambulisho. Rudia dd ile ile ukibadilisha jina tu. Ukipata faili tupu, jaribu mara moja zaidi, kwani alama mbili zilizofuatana kwa kawaida ni mwisho, lakini programu nyingine huacha pengo katikati. Mwisho wa kweli, draivu yenyewe itakataa na kutoa "Input/output error".

Soma pia mistari ambayo dd inaiacha. Ikisema "0+1200 records in" na jumla ni baiti 12288000, gawanya: bloku ni 10240, dalili nzuri ya tar. Andika ukubwa huo kwenye daftari pamoja na namba ya kaseti, maana dd haiuhifadhi ndani ya faili.

Kosa la "Input/output error" likitokea katikati badala ya mwisho, usirudie papo hapo mara kumi. Toa kaseti, pitisha kaseti ya kusafishia, rudisha, jaribu tena. Ikigoma mahali pale pale, jaribu draivu nyingine. Ikigoma mahali tofauti kila mara, shuku draivu au waya kabla ya utepe. Na vumbi la Nakuru tunalijua: usipulize draivu kwa kompresa ya watu wa pancha, hewa yake ina maji na mafuta. Pampu ndogo ya mpira ya kubinya kwa mkono inatosha.

SWALI: Nina kaseti kubwa za DC6150 kutoka mashine ya SCO Unix na draivu ya Archive Viper 2150S. Draivu inanguruma, kaseti haizunguki, na ndani kuna kitu cheusi kinachonata kama lami. – Kitale

JIBU: Hiyo lami ni gurudumu la mpira linaloendesha kaseti, mpira wa miaka hiyo huyeyuka wenyewe, hata draivu ikiwa imekaa kwenye boksi bila kutumika. Usiingize kaseti nyingine hapo, utapaka lami kila mahali. Ukwangue mpira wote kwa kijiti cha plastiki au mbao, kisha futa ekseli kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi wa simu wanayo. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi. Halafu vesha kipande cha mpira mpya: bomba la silikoni linalobana ekseli vizuri, lenye kipenyo cha nje sawa na gurudumu la awali. Pima kwa kalipa kabla hujakwangua, kama bado kuna sehemu nzima ya kupima. Kipenyo kikizidi, utepe unaenda haraka kupita kiasi na kusoma kunashindwa. Kikipungua, gurudumu haligusi kaseti. Uso uwe wa duara safi, bila mshono wala uvimbe wa gundi.

Sasa kaseti yenyewe, na hapa ndipo watu wengi hupoteza data. Ndani ya DC6150, ambayo ni ya aina ya QIC, kuna mkanda mwembamba wa plastiki unaovutika, unaopita nyuma ya magurudumu mawili na kusukuma utepe. Ukizeeka hulegea, hukatika, au hushikamana na utepe na kubandua ile rangi yenye data. Tazama kupitia dirisha la kaseti kwa tochi. Mkanda ukiwa umekatika, umelegea, au umeacha mistari kwenye utepe, usiingize. Fungua skrubu za bamba la chuma la chini, hamisha mkanda kutoka kaseti ya aina ile ile isiyo na thamani, na usiuguse utepe kwa vidole vitupu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Miisho ya utepe wa QIC haijafungwa kwenye magurudumu. Draivu hujua mwisho umefika kwa kuona mwanga kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye utepe. Jicho la draivu likiwa na vumbi, halioni tundu, na utepe wote unachomoka kwenye gurudumu. Kwa hiyo safisha jicho hilo na ulijaribu kwa kaseti ya bure kabla ya zako.

Mambo yakikaa sawa, vuta utepe mzima mara moja uende na kurudi:

mt -f /dev/nst0 retension

Hapa usitumie setblk 0. QIC-150 ina bloku za baiti 512 zisizobadilika, basi weka setblk 512 na dd iwe bs=64k. Ukishapata faili, liulize kwa amri ya file. Watumiaji wengi wa SCO waliandika kwa tar au cpio (programu nyingine kama tar), na cpio -itv < k01-000.img itakupa orodha. Ukiambiwa baiti zimegeuzwa, dd conv=swab inazirudisha mbili mbili mahali pake.

SWALI: Kaseti zetu zilikaa stoo karibu na ziwa, zina madoa meupe kama unga kwenye utepe. Nifute kwa kitambaa? – Kisumu

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Huo ni ukungu, na ukiusugua unausukuma ndani ya utepe. Usiuingize kwenye draivu pia, maana vichwa vitaubeba na kuusambaza kwenye kaseti nzima zitakazofuata. Zitenge leo hii. Vaa barakoa na glavu, weka kila kaseti kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko na pakiti za silika, na uziache zikauke polepole ndani ya nyumba yenye hewa kavu. Usiziweke juani, wala kwenye oveni au juu ya jiko kwa kuwa ulisikia kwamba utepe "huokwa". Kuoka kunafanywa kwa joto linalodhibitiwa kwa digrii, kwa aina fulani tu za utepe, na ganda la plastiki au ule mkanda wa QIC huharibika kirahisi.

Zikikauka, ukungu hugeuka unga mkavu. Utoe kwenye ganda la nje kwa kivuta vumbi chenye kichujio cha HEPA, ukiwa nje ya chumba cha kompyuta. Zile zenye madoa kwenye utepe wenyewe zisome mwisho, kwa draivu ya akiba ambayo hujali ikifa. Ikiwa mojawapo ndiyo nakala pekee ya kitu kisichopatikana kwingine, usiijaribu mwenyewe. Hiyo ni ya maabara ya kuokoa data.

Hata zisizo na ukungu, ziache chumbani pamoja na draivu saa 24 kabla ya kuzisoma, zizoee joto na unyevu wa hapo.

SWALI: Nimepata faili za img lakini tar inasema si kumbukumbu ya tar. Seva ilikuwa ya Windows NT. – Bungoma

JIBU: Angalia baiti nne za kwanza:

head -c 4 k03-000.img

Ukiona TAPE, hiyo ni MTF, muundo uliotumiwa na NTBackup na, kwa nyongeza zake, Backup Exec. Kuna programu huria iitwayo mtftar inayoigeuza kuwa tar. Njia ya pili ni kuweka Windows Server 2003 kwenye diski nyingine ya kompyuta ile ile na kusoma kaseti kwa NTBackup yenyewe. Ikikuomba kuitayarisha kaseti, kataa, chagua kuitambulisha tu. Kile kifaa cha kurejesha NTBackup ambacho Microsoft ilitoa kwa Windows 7 hufungua mafaili ya bkf yaliyo kwenye diski, hakigusi kaseti.

Ukiona herufi zisizo na mpangilio popote, usilaumu ubanaji wa draivu, huo unafunguliwa na draivu yenyewe wakati wa kusoma. Hapo data ilibanwa au kufungwa kwa nenosiri na programu, na itabidi ujue programu ilikuwa gani. Lebo ya kaseti na daftari la zamani la ofisi huwa na jibu, usiitupe karatasi yoyote iliyokuwa kwenye katoni.

Ndani ukikuta mafaili ya dbf (majedwali ya hifadhidata), LibreOffice Calc huyafungua. Yale ya fpt yenye jina sawa hubeba maelezo marefu ya rekodi, yaweke folda moja na dbf zake.

SWALI: Kaseti ni za zahanati iliyofungwa. Naruhusiwa kumpa fundi wa mtaani? – Busia

JIBU: Rekodi za wagonjwa ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwenye dhamana ya rekodi hizo akupe idhini kwa maandishi kwanza, na fundi atie sahihi kwamba hataweka nakala. Bora zaidi kazi ifanyike mbele yako, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, na diski ya nakala uondoke nayo. Kwa kila img andika pia sha256sum yake (namba ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika) kwenye faili la maandishi, uweke nakala mbili kwenye diski mbili, moja nje ya jengo. Kaseti zenyewe zibaki chini ya kufuli mpaka mafaili yafunguliwe na kukaguliwa na mtu anayejua yalipaswa kuwa na nini.